Jina la Heiwadi na Mizabibu ya Mkwe

Jumatatu, 3 Februari

Nimepata kitukuu. Mvulana. Masikio ya kwetu, sauti ya kwetu. Ubatizo Jumapili. Baba yake ni Luka, mjukuu wangu.

Nilikuwa na furaha mpaka Anastazia alipofungua mdomo. Huyu ni bibi yake Angelina, mke wa Luka. Tena ni jirani yangu, ua wa miiba tu ndio unatutenganisha. Mungu ananipima. Kasema mbele ya wanawake wote waliokuja kumwona mzazi kwamba mtoto hawezi kubeba jina lisilo na maana. Jina la kwao lina mlima wake na ng'ombe wake. Na Heiwadi, jina letu, ni nini?

Baba mkwe wangu alilipata kwa Mzungu fundi seremala aliyemsimamia ubatizo. Hakuna aliyeuliza maana. Ukipewa koti huulizi nani kalishona. Lakini Luka, kichwa kama kibuyu, akamuunga mkono. Nisipoonyesha maana, mtoto ataandikwa Matonya, jina la ukoo wetu kabla baba mkwe hajabatizwa. Heiwadi litazikwa na mimi. Jina la marehemu mume wangu Ernest!

Nikasema Heiwadi ni chifu wa Waingereza. Lilitoka lenyewe. Sasa natafuta ushahidi. Katekista anataka jina Jumamosi.

Jumanne, 4 Februari

Ruthu, dada yake Luka, anasoma chuo hapahapa Hombolo. Nikamwamuru aulize simu. Simu ikajibu: Hayward, ndivyo wenyewe wanavyoliandika, ni kazi ya zamani ya vijijini Uingereza. Mlinzi wa ua. Anazunguka kukagua ua wa mashamba. Mifugo ikiingia kula mazao ya watu, anaikamata na kuifungia mpaka mwenyewe aje.

Nikamwambia aulize tena, kwa adabu. Vilevile. Chifu hayumo. Mlenda haukupita kooni.

Kisha nikafikiri. Hapa kwetu, jioni, lango la zizi anafunga nani? Mwenye mji, kwa mkono wake. Si mtoto, si mpita njia. Sasa anayefunga ua wa kijiji kizima ni nani, kama si chifu? Darasa la nne langu linatosha. Nikamaliza mlenda wote.

Jumatano, 5 Februari

Maneno hayatoshi, watu wa hapa wanaamini macho. Nikashika fimbo ya Ernest, nikatoka kukagua ua. Wa Zablon katekista una tundu. Wa shule una tundu. Nikawaambia. Hakuna aliyeshukuru.

Saa nne, bahati! Mbuzi mweupe kwenye uwele wangu, katokea upande wa Anastazia. Nikamkamata, nikamfungia jikoni. Nikamtuma Ruthu apeleke sharti: mwenye mbuzi aje mwenyewe, aketi, asikilize maana ya Heiwadi kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo afunguliwe.

Nikachemsha chai. Nikangoja. Hakuja mtu. Mbuzi kala upindo wa kitenge changu cha ubatizo.

Alhamisi, 6 Februari

Anastazia kajibu kwamba hana mbuzi. Aliuza wote alipopanda mizabibu, na kijiji kizima kinajua. Mimi sikuambiwa. Mbuzi ni wa Zablon, na Zablon ndiye mwenye daftari la ubatizo! Nikampeleka mwenyewe mbiombio, nikasema nilimhifadhi asiliwe na fisi. Kanishukuru sana. Kauliza kwa nini ananuka moshi.

Ruthu kasema na ua wetu una tundu nyuma ya zizi. Nikamwambia nina kazi ya ua wa watu, huo utangoja.

Ijumaa, 7 Februari

Aibu. Naandika kwa ufupi.

Mbuzi wangu saba walipita tundu la nyuma ya zizi. Wakaingia kwenye mizabibu ya Anastazia, zabibu zikiwa karibu kuvunwa. Mstari mzima umebaki vijiti. Nilipofika, wote saba wamefungwa kamba, wamepangwa kama wanakwaya, naye kakaa kwenye kigoda na fimbo mapajani. Luka na Ruthu wapo. Jirani wapo.

Akanitazama kwa upole, upole mbaya.

"Karibu, mkwe. Leo Heiwadi ni mimi."

Luka alicheka mpaka akashika ua, akachomwa.

Sharti likawa langu lilelile. Nikaketi, nikasikiliza ukoo wa Anastazia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mlima, ng'ombe, njaa mbili, babu aliyemkimbiza simba kwa chungio. Kuna mahali nilitaka kulia, lakini sikumpa furaha hiyo. Mwishoni akasema maana ameiona kwa macho yake, na majani ya mizabibu yake ni shahidi. Jina lenye kazi si jina la barabarani. Akamwambia Luka aliandike. Ila mimi nizibe tundu.

Nikasema nitaziba.

Jumapili, 9 Februari

Kabatizwa! Mazengo Heiwadi. Mazengo ni baba yake Anastazia, sawa, atangulie mbele. Heiwadi liko nyuma, linafunga lango. Zablon kaliandika kwa wino mweusi. Nimefunga kitenge upande usioliwa. Nje ya kanisa nimewaeleza watu kumi na wanne kwamba Heiwadi ni chifu wa ua Uingereza nzima. Anastazia alisikia, na kwenye karamu akanisogezea nyama laini. Ernest angefurahi.

Sasa ni alasiri, nimeshiba, niko kivulini na daftari langu. Ruthu kauliza kama nimeziba tundu. Nimemwambia chifu hazibi matundu siku ya sherehe.

Nasikia mbuzi wanalia kwenye mizabibu. Wengi. Kumbe Anastazia kaanza tena kufuga, kwa siri! Kesho asubuhi nachukua fimbo. Wote nawakamata.