Wageni Wameshiba, Ukuta Haupandi

Jumatatu, 7 Septemba

Basi, pale ng'ombe aliponikatiza jana, nilikuwa nasema habari ya bati la paa la jirani yangu Kalyipa. La buluu! Linang'aa mpaka ng'ambo ya barabara. Nikifungua tu mlango wa behewa tunamokaa kwa sasa, hilo hapo, linanicheka.

Maporomoko ya masika yalichukua nyumba zetu sote wawili. Wiki iliyopita wageni wa kujitolea walikuja, wakamjengea yeye kwanza, siku sita nyumba ikaisha. Alikuwa akiwapa nini? Chai na mkate. Basi! Watu wametoka nchi za mbali, wamekuja kubeba matofali bila kulipwa, unawapa chai na mkate! Nilimwambia Ayzada, mkwe wangu, nyumba ya Kalyipa ina sura ya njaa.

Wiki hii ni zamu yetu. Mwanangu Ulan kasema wazi: wageni wanaondoka Jumapili, wanaume wa kijiji wote wako kwenye viazi, na theluji imeshagusa vilele. Paa lisipokaa hadi Jumamosi, anampeleka Ayzada kwa mama yake, ng'ambo ya mlima, akajifungulie huko. Yaani mjukuu wangu wa kwanza apokelewe na yule mwanamke! Njia ikifungwa na theluji, mimi nitamwona akishaota meno.

Haiwezekani. Nina mpango. Mtu akishiba kwa upendo, anajenga kwa upendo. Nimeanza na maandazi, malai, jamu ya aprikoti za hapa hapa. Wamekaa mkekani mpaka saa sita. Halafu ikawa saa ya chakula cha mchana.

Jumanne, 8 Septemba

Nimechinja kondoo mweusi. Ndiyo, yule yule! Ulan kaniuliza, mama, huyo si wa kuchinjwa siku ya kupandisha boriti ya paa? Nimemwambia boriti yenyewe itakaa juu ya nini kama wajenzi hawana nguvu?

Kichwa nimempa Henrik, msimamizi wao, mrefu kama mlingoti, mwembamba anatia huruma. Heshima kubwa hiyo. Yeye akakitazama kichwa, kichwa kikamtazama. Akala. Mstaarabu kweli. Meerim, msichana wa mjini anayewatafsiria, kasema waliambiwa kabla ya safari wasikatae chakula cha mwenyeji hata iweje. Nimefurahi mno kusikia hivyo.

Baada ya nyama wakalala chini ya miaprikoti, kumi na wawili wote, kama mbao zilizoanikwa. Ukuta: mistari mitatu ya matofali. Kesho watafidia.

Jumatano, 9 Septemba

Uadui mtupu! Kumbe Kalyipa kasikia nilivyosema nyumba yake ina sura ya njaa. (Nilimwambia Ayzada tu, na mke wa muuza duka, na wale wawili waliokuwa kisimani.) Asubuhi kasimama getini kwake, mikono kiunoni, kapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Waje kwangu waone kama mimi ni mchoyo! Kondoo mmoja tu, wengine wanajiona makhan, wafalme wazima!"

Akawabeba wageni wangu wote. Kawapa maziwa ya farasi yaliyochacha, bakuli juu ya bakuli. Wamerudi alasiri wanayumbayumba, mmoja anaimba. Wakajenga. Ukuta wa upande wa mlima ukatoka na tumbo. Ulan kaweka timazi, halafu kaubomoa kwa mguu.

Jioni nimemkuta Ayzada anakunja nguo za mtoto, anaziweka kwenye begi. Kaniuliza kwa upole, kwani kwa dada Kalyipa walipojenga wakamaliza, walikuwa wanakula nini? Nimemjibu nimeshasema, chai na mkate, aibu tupu. Karudi kukunja nguo. Mimba inawachosha akili, maskini.

Alhamisi, 10 Septemba

Henrik kamtuma Meerim. Kauliza, kwa heshima zote, kama wanaweza kula jioni tu. Nilikaribia kuanguka! Nimemwambia Meerim, mwanangu, hata mtu aliyekimbizwa na mbwa mwitu hapiti mlangoni kwangu bila kuonja mkate.

Ndipo akili ikanijia. Kuonja! Kuonja si kula. Nikabeba mkate mpaka ukutani, kila mtu kipande. Mkate hauendi mkavu, ikaja jamu. Jamu inataka chai. Chai bila nyama baridi? Nikageuka, namwona Kalyipa anavuka barabara na sufuria ya pilau, anahema.

"Dada, waache wameze vyangu kwanza!" nikamwambia.

"Vyako vina mafuta machache, shoga, vitapita tu vyenyewe!" akajibu.

Wawili walijificha nyuma ya mashine ya zege. Binti mmoja mnene mwenye nywele za manjano kakimbilia chooni. Nikamsubiri mlangoni na bakuli. Nina subira mimi. Katoka mwenyewe mwishowe, machozi yanamlenga. Shukrani hizo.

Ukuta: kiunoni. Begi la Ayzada: limefungwa.

Usiku nimeingiza mkono kwenye gunia la unga, nikagusa sakafu. Hapo hapo binti wa Kalyipa akabisha hodi. Mama yake anaomba unga wa kuazima! Nilicheka mpaka nikakumbuka gunia langu.

Ijumaa, 11 Septemba

Aibu. Sina kitu. Chai tu, na vipande vya mkate wa juzi. Nimemtuma Ayzada awapelekee, mimi nimejifungia behewani na pazia nimeteremsha. Ng'ambo, Kalyipa naye kateremsha lake.

Nje nasikia to! to! to! Miiko, nyundo, Henrik anapiga mluzi. Nilidhani wamekasirika wanapakia mizigo. Saa nane nikachungulia. Madirisha yamekaa! Saa kumi na moja, ukuta umepita kichwa cha Ulan. Yule binti mnene anabeba matofali manne manne, anacheka.

Nimeelewa yote. Nimemweleza Ayzada: ni chakula cha Jumatatu hicho, ndiyo kwanza kimefika mikononi. Chakula ni kama samadi kwenye viazi, hakionekani siku ile ile. Kasema, ndiyo mama. Kauma midomo. Mgongo unamsumbua, nadhani.

Jumamosi, 12 Septemba

Boriti iko chini, imefungwa kitambaa chekundu, na sina kondoo wa kuchinja. Boriti ipande bila chochote? Wazee wetu waliokufa watasema nini? Nimekaa juu ya tofali, nimelia kidogo.

Kivuli kikanifunika. Kalyipa. Ana kitu ndani ya mtandio: unga, konzi mbili tatu, wa mwisho nyumbani kwake. Kasema hakuja kwa ajili yangu, kaja kwa ajili ya boriti. Nikakumbuka nina mafuta ya mkia wa kondoo mweusi. Tukakaanga maandazi saba, harufu ikapanda kwa marehemu wetu, wa kwake na wa kwangu, na boriti ikapanda nayo. Hatukutukanana hata mara moja. Labda mara moja.

Jioni bati lilikaa. La kijani! Zuri kuliko buluu, lakini sikusema. Ulan kafungua begi la Ayzada, kazitoa nguo za mtoto moja moja, kazitundika kwenye msumari wa ukuta mpya. Macho mekundu. Eti vumbi la mbao.

Jumapili, 13 Septemba

Wameondoka. Henrik kanishika mikono yote miwili. Nimemwambia Meerim amfafanulie siri ya nyumba kuisha haraka: lisha watu, lisha tena, usichoke. Maneno yangu yalikuwa marefu, tafsiri yake fupi. Henrik kacheka mpaka kajishika tumbo. Lina afya sasa hilo tumbo.

Masika wanakuja wengine, kujenga nyumba ya muuguzi. Nimeshamwambia kaka yangu aninenepeshee kondoo wawili. Watatu, maana Kalyipa naye hatakaa kimya. Safari hii naanza kuwalisha hata kabla hawajashuka kwenye basi, ili nguvu ziwahi ku

Nani anapiga kelele? Ni Kalyipa, kutoka dirisha langu jipya! Anasema weka kalamu wewe mwanamke, chemsha maji, mjukuu wako hangoji umalize kuandika. Kaingia saa ngapi humo? Na ana bakuli mkononi! Anamlisha nini mkwe wangu? Ngoja