Mizizi ya Kuazima

Katika posta ya Songea ya miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, simu ya kwenda Marekani haikuwa jambo la siri. Mtu aliingia kwenye kibanda, akafunga mlango wa kioo, kisha akapaza sauti mpaka wauza mitumba wa nje wakajua habari za ukoo wake. Ndivyo Edmund Haule, aliyesimama kwenye foleni bila nia ya kumpigia mtu yeyote, alivyofahamu kwamba Lidwina wa Msamala ana mume Marekani, kwamba faili lake la kuhamia huko limekwama kwenye foleni ndefu kuliko ile ya posta, na kwamba amechoka kusubiri.

"Basi nije nikutembelee tu, Henry," alikuwa akisema kwa sauti ya kumfikia Henry hata bila simu. "Nikuone, nirudi, faili liendelee kusubiri. Nasema nikuone. Nimeanza kusahau hata unavyokohoa."

Foleni nzima ilicheka. Edmund hakucheka, kwa sababu yeye alikuwa kazini. Palipo na mke anayemtamani mumewe, na serikali ya kigeni imekaa katikati yao, hapo pana riziki ya mtu mwenye suti.

Suti alikuwa nayo, ya kijivu, ya mitumba, na bado ilikuwa na heshima zake. Kabla ya hapo aliwauzia wageni vito vya Tunduru. Kwamba vito vyenyewe vilikuwa vipande vya chupa za bia vilivyosuguliwa kingo ni jambo ambalo wanunuzi waligundua wakiwa wameshafika kwao. Kwa chupa hizo alijenga nyumba Ruhuwiko, ya matofali ya kuchoma, bati jipya na madirisha ya kijani. Tumtendee haki: Edmund alimdanganya kila mtu, lakini nyumba ile aliipenda kwa moyo mweupe kabisa. Asubuhi alisimama uani, mswaki mdomoni, akaitazama tu. Duniani hakuwa na kitu kingine cha kweli.

Alimngoja Lidwina nje ya posta.

"Dada, samahani. Nimesikia mazungumzo yako kwa bahati mbaya."

"Wewe na soko zima," alisema Lidwina.

"Lakini soko haliwezi kukusaidia. Mimi ni mtu wa mambo ya viza. Ukienda pale dirishani, ubalozini Dar es Salaam, ukaomba ya kutembea, wakati una faili la kuhamia, watasema huyu safari yake ni ya kwenda tu. Watakunyima. Wanachotafuta wale ni mizizi."

"Mizizi ya nini, kaka?"

"Ya kukurudisha. Nyumba, shamba, mali. Wewe una nini hapa Songea?"

Lidwina alifikiri. "Nina chumba cha kupanga. Na pikipiki aliyoiacha Henry."

"Honda?"

"Honda."

Edmund alitazama pembeni ili macho yasimwumbue.

Hapa hatuna budi kukiri kwamba aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Huo ndio ulikuwa ufundi wake: alianza na ukweli, kama mpishi anavyoanza na mafuta, ndipo akatia mengine. Na mengine aliyatia siku iliyofuata, akinywa chai ya Lidwina kule Msamala. La kwanza, dirishani asimtaje Henry kabisa, aseme hana mume. La pili, Edmund atamwandikisha nyumba yake ya Ruhuwiko, kwa kuazima tu, mpaka viza itoke. La tatu, kwa usumbufu huo, Edmund aichukue pikipiki.

"Nimkane Henry?" aliuliza Lidwina. "Tumefunga ndoa kanisani."

"Dirishani tu, dada. Petro alikana mara tatu, na bado akaachiwa funguo."

 Lidwina alimmiminia chai nyingine, na Edmund akadhani ameshinda.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mjanja wa namna hii alitoa nyumba ya kweli. Sababu ilikuwa mteja wake wa mwisho, mwalimu mmoja aliyempa nyumba ya kwenye karatasi peke yake. Mwalimu alipoulizwa dirishani nyumba yake ina milango mingapi, akaanza kutazama dari. Alirudi Songea akimtafuta Edmund kwa fimbo. Nyumba ya kweli ilikuwa salama zaidi kwa mgongo wa Edmund. Na hasara ilikuwa wapi? Tangu azaliwe hajaona mtu aliyefika Marekani akarudi Songea kwa hiari yake. Lidwina angeshuka kwenye ndege, angemkumbatia Henry, na Ruhuwiko ingemtoka akilini. Nyumba isingesogea. Pikipiki ingesogea, tena yeye akiwa juu yake.

Lidwina alikuwa na ombi dogo tu.

"Kama ni kuandikishana, tuandikishane kama watu," alisema. "Kwa mjumbe wa nyumba kumi, majirani wawepo, na ugimbi uwepo. Wakiniuliza nani alishuhudia, niseme nini?"

Edmund hakuona ubaya katika pombe ya bure. Hakujua tu nani angeipika.

Jumapili baada ya misa alifika uani kwake juu ya Honda, miwani ya jua usoni, akakuta watu wamejaa. Mzee Makarius, mjumbe, alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Kando ya pipa la ugimbi, kata mkononi, alisimama shangazi yake mwenyewe, Kunegunda.

"Shikamoo, shangazi," alisema Edmund, na miwani ikashuka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Mimi na Lidwina tunaimba kwaya moja. Hukujua?"

Hakujua. Shangazi Kunegunda ndiye aliyebeba maji ya kufyatulia matofali ya nyumba ile, kiangazi kizima, kwa ahadi ya kupewa chumba cha nyuma. Nyumba ilipokwisha, chumba cha nyuma kiligeuka stoo. Alikuwa hajawahi kulalamika, na hilo lilipaswa kumtia Edmund wasiwasi zaidi ya kelele.

Mzee Makarius aliwazungusha watu kwenye mpaka wote wa kiwanja, wakaukanyaga kona kwa kona, kama ilivyo desturi, kisha akarudi kitini.

"Edmund, unampa huyu mama nyumba hii kwa ridhaa yako?"

"Kwa ridhaa yangu, mzee."

"Nyumba haihami kwa mikono mitupu. Yeye ametoa nini?"

 Swali hilo Edmund hakulitegemea.

"Si ndiyo hiyo pikipiki aliyokuja nayo?" alisema Lidwina kwa upole.

Watu wote waligeuka kuitazama Honda, kisha nyumba, kisha Edmund. Huruma ilionekana wazi machoni mwao.

"Ni kweli?" aliuliza mzee Makarius.

Edmund angesema nini? Kwamba pikipiki ni malipo ya kumfundisha mke wa mtu kuudanganya ubalozi? Mzee Makarius alikuwa na mpwa polisi.

"Ni kweli, mzee."

"Makubaliano ni yenu," alisema mzee, kwa sauti ya mtu asiyetaka kulaumiwa baadaye. Kata ikapita kutoka kwa Edmund kwenda kwa Lidwina, wakanywa wote wawili mbele ya watu, na vigelegele vya shangazi Kunegunda vikasikika mpaka barabarani.

"Na mpaka nitakaporudi," aliongeza Lidwina, "kaka Edmund atanilindia."

"Nitalinda, dada," alisema Edmund, na akacheka kidogo ndani ya kata.

Lidwina alipata viza. Habari ilipofika Songea, Edmund alijipongeza kwa nyama choma, kisha akaishi maisha mema. Alizunguka mji kwa Honda, akalala kwake, akapiga mswaki mbele ya madirisha ya kijani. Alikwishapata hata mteja mwingine wa kumwazima nyumba ile ile.

Mvua za kwanza zilipoanza, asubuhi moja, akiwa na povu mdomoni, aliona watu wawili wakiingia uani. Mmoja alikuwa shangazi Kunegunda, amebeba begi kichwani. Wa pili alikuwa Lidwina, amenenepa, na usoni ana ile raha ya mke aliyetoka kwa mumewe.

Edmund alimeza povu.

"Umerudi," alisema.

"Si niliwaambia nitarudi?"

"Uliwaambia akina nani?"

"Wale wa dirishani. Sikumkana Henry, kaka, nilishindwa. Niliwaambia mume wangu yuko huko, faili langu linasubiri, nakwenda kumwona, kisha narudi kungoja zamu yangu nyumbani kwangu. Wakaniuliza nyumba gani. Nikawaeleza mpaka kile kichaka cha mpakani tulichokikanyaga. Sasa nisingerudi, si ningekuwa nimewadanganya? Na faili lingeingia doa."

"Lakini dada, ile ilikuwa ya kuazima."

"Twende tukamweleze mzee Makarius," alisema Lidwina. "Umweleze ilikuwa ya kuazima kwa shughuli gani."

Edmund aliangalia nyumba.  Tangu aingie mambo ya viza aliwauzia watu sababu za kurudi, na hakuwahi kuamini kwamba kuna atakayerudi kweli. Alifungasha godoro, suti na sufuria, akavifunga nyuma ya Honda. Shangazi Kunegunda alikuwa ameshaanza kufagia chumba cha nyuma.

"Nimekuletea zawadi," alisema Lidwina, akampa tochi kubwa ya Kimarekani. "Asante kwa kunilindia."

Aliipokea. Ilikuwa tochi nzuri.

"Sasa utakwenda wapi, kaka?"

"Nitaondoka nchi hii," alisema Edmund kwa uchungu. "Nami nitaomba viza, niende huko huko."

Lidwina alimtazama yeye, godoro na pikipiki, na akamwonea huruma ya kweli.

"Watakuuliza una nini cha kukurudisha," alisema.

Edmund alipiga kiki. Honda ilikataa kuwaka, ikabidi shangazi aweke fagio chini, aje amsukume.