Mashine ya Vidole Dukani kwa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi ametangaza: Jumamosi anachagua msimamizi wa duka lake la kufulia. Magoti yamemchosha, anataka kukaa nyumbani. Wagombea ni wawili. Mimi, mpokea nguo, mtoto wa kaka yake. Na mpiga pasi, tunayemwita Kola kwa sababu hakuna kola ya shati inayomshinda. Ana mkono mzuri, sikatai. Lakini huchelewa! Kila asubuhi anaingia akisalimia kama bwana harusi, wote wanacheka naye, na hakuna anayeandika saa. Nitaandika mimi. Au tuseme, mashine.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua kisoma alama za vidole, kidogo kama kibiriti. Mtandaoni nimepata maktaba ya kukiendesha: msimbo wa kompyuta ambao mtu mwingine ameshautolea jasho, wewe unauita tu kwa jina, kama kumwita shemeji aje kubeba kabati. Mistari michache. Fungua kifaa, subiri kidole, linganisha na vilivyosajiliwa, andika jina na saa. Jioni kikanitambua! Mke wangu akauliza kama kinaweza kutambua pia nani huacha taulo mbichi kitandani. Nimejisajili wa kwanza kwenye orodha. Msimamizi hakai katikati.

Jumatano, 5 Machi
Aibu. Wafuaji wote wamekataliwa. Miaka ya sabuni na dawa ya madoa imewafuta ncha za vidole, ziko laini kama sahani. Foleni ikafika barabarani. Mfuaji mkubwa, mama wa makamo asiyependa kusimamishwa, akaniuliza kama arudi nyumbani akalete vidole vingine. Aliyesomwa mara moja bila tatizo? Kola. Na leo, kwa makusudi nina hakika, amewahi.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa imepatikana. Maktaba ina kiwango cha ufanano. Kikiwa juu, mashine inachagua sana. Kikishuka, inalegeza masharti. Nimekishusha mpaka chini kabisa. Asubuhi hii kila kidole kimepita, pii, pii, pii. Mfuaji mkubwa ameniita mwanangu. Hata Kola, aliyechelewa vizuri sana, amepita na kunipa mkono. Maskini, hajui amejifunga mwenyewe. Nimemwambia shangazi kesho nasoma ripoti mbele ya wote.

Ijumaa, 7 Machi
Nilipanda juu ya kreti. Nikafungua ripoti ya jana. Jina la kwanza, mimi. La pili, mimi. Kila mstari, mimi. Kumbe maktaba huanza juu ya orodha na kusimama kwa wa kwanza anayefanana. Na baada ya kulegezwa vile, kila kidole dukani kilifanana kidogo na changu. Nikaeleza. Sikueleweka. Kola aliinamia meza yake ya pasi, mabega yakitikisika. Shangazi alivaa miwani, akasoma yote polepole, akaivua.

“Kwa hiyo jana duka zima lilikuwa wewe, baba.”

Nikasema kwa mujibu wa mashine, ndiyo.

“Basi hawa wapumzike. Mashuka ya hoteli yako nyuma.”

Jumamosi, 8 Machi
Mgongo! Shangazi amemtangaza Kola. Nilipiga makofi, ingawa viganja viliniwaka moto. Baadaye Kola alikuja nyuma, akakunja mikono ya shati, akashika upande wa pili wa shuka, tukakamua pamoja. Akasema kaunta ni yangu bado, maana hakuna anayewajua wateja kama mimi. Ndipo nikamuuliza kwa nini huchelewa. Akajibu, kwa taabu kidogo, kwamba asubuhi hupitia kwa shangazi kumpandishia ndoo za maji ghorofani. Mimi, damu yake, sikuwa na habari. Nikavuta shuka lililofuata.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari sana. Kola ni mtu mwema. Shangazi yuko sahihi. Kosa ni langu, nalikubali lote: nilichagua vidole. Vidole hushika sabuni! Lakini sikio? Sikio halifui nguo za mtu. Nimesoma kwamba masikio nayo hayafanani, na maktaba yake ipo, ya bure, kamera ya simu inatosha. Nimemweleza mke wangu. Amechukua mto wake, amehamia sebuleni. Kesho nitamwomba Kola sikio lake la kushoto. Nitamsubiri mlangoni, saa mkononi.