Njia ya Kiti Kimoja

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwambia Bwana Misitu kwamba njia ya maporomoko nitaitengeneza mwenyewe, bure, ili kiti cha magurudumu kipite. Kacheka mpaka kofia ikaanguka. Kasema mizizi ya pale imewashinda hata mbuzi. Kisha akanipa mpaka Jumamosi: mtu mmoja tu afike majini akiwa kitini, naye ataiacha njia ibaki. Asipofika, mbao zangu zitakuwa kuni za ofisi. Nikakubali palepale. Mdomo wangu huu!

Mke wangu hakuwahi kuyaona yale maji. Miaka yote tuliishia langoni. Nilikuwa nafunga breki za kiti chake, namenya chungwa, tunasikiliza. Alikuwa akisema, "Leo yamekasirika." Au, "Leo yananong'ona." Mara moja alinituma nikimbie niyaone, nirudi nimweleze. Nilimwahidi nitamfikisha. Niliahidi mdomo umejaa chungwa.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango kabambe. Maranda! Seremala analo lundo, kafurahi kuondolewa. Nimeyamwaga juu ya mizizi, njia ikawa laini kama godoro. Nikapakia gunia la mchanga kwenye kiti cha marehemu, nikasukuma. Magurudumu yakazama yote. Kisha mvua. Sasa ni uji mtupu. Bwana Misitu kapita na mwavuli, kauliza kama nimeanza kufuga nguruwe.

Alhamisi, 7 Agosti
Mbao. Nimezilaza juu ya mizizi kuanzia langoni hadi majini, na nguzo za lango nimezihamisha kiti kipenye. Futi ya kupimia sikuihitaji. Upana wa kiti kile mikono yangu inaujua. Gunia limefika bila kulalamika. Nililia kidogo. Gunia halikusema kitu.

Ijumaa, 8 Agosti
Bwana Misitu anataka mtu anayepumua. Nimemwomba Fundi, mshona nguo jirani yangu, ambaye huendesha baiskeli yake ya magurudumu matatu kwa mikono. Kazaliwa hapahapa, maji hajayaona. Kaja na shati jeupe lililopigwa pasi.

Kakwama langoni. Baiskeli yake ni pana kuliko njia. Tumejaribu mbele, tumejaribu kinyumenyume. Mwishowe akashusha mikono, akaniuliza taratibu, "Mwenzangu, njia hii umemtengenezea nani?"

Nilijifanya natafuta msumari.

Akasema basi kesho akalie kile kiti cha nyumbani kwangu. Nikamwambia breki zake mbovu. Uongo. Breki zile nazitia mafuta kila wiki.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekifuta kiti vumbi ambalo halikuwepo, nikakipeleka. Fundi kakaa polepole, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Mzito! Gunia lilinidanganya. Kwenye mteremko nikateleza, Bwana Misitu akatupa mwavuli na kudaka mshikio mmoja. Akasisitiza kwamba hanisaidii, analinda miti isigongwe.

Tumefika. Fundi kavuta hewa puani. Kisha akasema hakujua kwamba maji haya yana harufu.

Harufu! Siku ile niliyotumwa nilimweleza mke wangu urefu wake, weupe wake, ndege wake. Harufu nikaisahau.

Bwana Misitu kaamua: njia inabaki, ila niipanue. Fundi kaunga mkono. Kasema safari ijayo atakuja kwa mikono yake mwenyewe, bila mtu wa kumhemea sikioni.

Jumapili, 17 Agosti
Kazi imekwisha! Lango pana, mbao pana, hata trekta lingepita. Kando ya benchi la majini nimesawazisha mahali pa kuegesha. Nimekwenda na kiti, nikakiweka pale, nikafunga breki, nikamenya chungwa.

Fundi kaja peke yake, anatokwa jasho, uso umejaa ushindi. Akataka kuegesha karibu na benchi. Ikashindikana. Pale nilipopasawazisha panatosha kiti kimoja tu. Kile.

Kakitazama, kanitazama mimi. Akasema hana haraka, akaegesha nyuma, kwenye matope.

"Leo yananong'ona," nikasema. Nusu ya chungwa nikampa yeye.

Kesho nampanulia. Seremala kasema anayo maranda mengine, makavu kabisa.