Hotuba ya Kupokea Foo-wili ya Rwabitoke

Mwanangu Evangelina, ambaye bado hajafikisha miaka mitatu, sasa hivi amepindua beseni la kuoshea vyombo, akapanda juu yake, akashika mwiko mbele ya mdomo kama kipaza sauti na kupiga kelele, "Oyeee!" Kuku wote wakakimbilia migombani. Yeye akasema, "Asante," akajipigia makofi, akashuka akaja kuniomba kiazi. Nimecheka mpaka nikaacha kumenya ndizi. Nikasema basi, ile hotuba leo naiandika.

Kikundi chetu cha akina mama kitaigiza Jumapili baada ya ibada, na mgeni kutoka wilayani amealikwa. Mimi nimepewa kazi ya kuandika hotuba ya kiongozi, eti kwa sababu nina mdomo. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini hotuba nimezisikia nyingi, tena nimesimama juani na mimba. Mambo ya mashine nimeelezwa na kaka yangu Winston, fundi pikipiki pale Omurushaka. Alinionyesha kwenye simu zile pikipiki kubwa za kazi zenye magurudumu manne, zinazobeba mzigo na kupanda milima. Mwenzenu nilipoziona nikamuwaza wifi yangu Joanitha, ambaye siku zake zimekaribia, na mteremko wetu wa Rwabitoke, ambao mvua ikinyesha hata bodaboda anashuka anasukuma. Sisi huku mwenye uchungu tunamshusha kwa engozi, yaani machela yetu ya miti na kamba, wanaume wanne mabegani mpaka barabarani, ndiyo gari la zahanati limpokee. Labda mgeni akicheka sana, moyo wake utalainika.

Jirani yangu Placida ndiye atavaa koti la mumewe awe Mheshimiwa. Atasimama, atakohoa, ataanza hivi:

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye pia ni mdogo wake Mwenyekiti. Waheshimiwa wajumbe mliopata viti, ndugu wajumbe mliokosa viti. Viongozi wetu wa dini mliofungua kwa sala na ambao, nikirefusha, mtafunga kwa sala nyingine ya kuombea uvumilivu. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama mnaopika huko nyuma, ambao harufu ya kazi yenu nimeipokea kwa mikono miwili. Watoto mliopanda kwenye mparachichi. Na wewe mbuzi uliyefungwa pale, ambaye najua umekuja kwa ajili yangu: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mbuzi analia.)

Mimi naitwa Aristides, Mratibu Mwandamizi wa Uwezeshaji wa Miinuko na Miteremko, mtu ambaye hamnifahamu vizuri kwa sababu muda mwingi nakuwa kwenye semina za kuwafahamu ninyi. (Vigelegele kutoka kwa mama mmoja aliyeandaliwa.)

Ndugu zangu, baada ya kufanya fizibiliti stadi ya kina, ambayo niliifanya mimi mwenyewe nikiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, tulibaini pasipo shaka kwamba Rwabitoke ni mlima. (Makofi.) Utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia mia moja ya watu wanaoteremka mlima huu walikuwa juu. (Mzee mmoja anasema, "Kumbe!") Na ndipo ofisi yangu, kwa kuzingatia impakti na sasteinabiliti na maneno mengine ambayo nimeyaacha garini, ikaja na mradi wa pikipiki kubwa za magurudumu manne, ili mama wa Rwabitoke ateremke kama mama wa Bukoba mjini, ambako sijui kama wanateremka.

Lakini pikipiki si pikipiki tu. Swali la kitaalamu ni hili: gurudumu gani linavuta? Ndiyo maana ya foo-wili, magurudumu yote manne kuvuta, na zipo za aina tatu, na ninaomba mnisikilize bila kutazama masufuria.

Ya kwanza ni foo-wili ya kitufe. Hii siku zote husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, yale ya mbele yanasindikiza tu, kama ninavyosindikizwa mimi. Ukiona tope unabonyeza kitufe, na ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Haili mafuta sana, haisumbui, lakini dereva lazima akumbuke kubonyeza kabla hajazama, na sisi kwa utaratibu wetu huwa tunabonyeza baada ya kuzama, tena kwa kuunda kamati.

Ya pili ni ya otomatiki. Hubonyezi kitu. Magurudumu ya mbele yamekaa kimya yanasikilizia; ya nyuma yakiteleza, ya mbele yanashtuka na kushika. Ni kama mjumbe anayesinzia kikao kizima na kuamka pale tu anaposikia kizibo cha soda. (Kicheko. Mjumbe mmoja anaamka.)

(Bibi Nyirabageni, mkunga wa zamani, ananyoosha mkono. "Mheshimiwa, shikamoo.")

Marahaba, mama.

("Mimi nauliza kidogo tu. Kwenye hiyo pikipiki, mwenye uchungu analala au anakaa?")

Swali zuri sana, mama, na kwa sababu ni zuri sana tutalijibu kwa maandishi.

("Mtoto hasubiri maandishi, baba." Makofi, ambayo Mheshimiwa anadhani ni yake. Anainama kidogo.)

Asanteni. Ya tatu sasa, foo-wili ya kudumu yenye difu loki. Hii ndiyo mfalme wa tope. Bila difu loki, ndugu zangu, gurudumu moja likining'inia hewani na mwenzake amekanyaga chini, nguvu ya injini inamkimbilia yule wa hewani, anazunguka vuu, vuu, vuu, anapendeza kumtazama, hana kazi anayofanya. Na yule aliyekanyaga tope hapati kitu. Mafundi waliponieleza hivyo nilisimama nikawaambia: inatosha, msiendelee, mfumo huu naufahamu, ndio tunaoutumia ofisini! (Kicheko kirefu. Mheshimiwa anageuka nyuma kuona kilichowachekesha.)

Ukifunga loki, wote wanalazimika kuzunguka pamoja, wa hewani na wa topeni, mkubwa na mdogo. Kitaalamu ni jambo jema. Ila usukani unakuwa mgumu kama mkwe aliyenuna, kona hazikatiki, kwa hiyo jambo hilo tumeliweka kwenye mpango wa muda mrefu.

Mtaniuliza, Mheshimiwa, umechagua ipi?

("Tunauliza!" wanaitikia akina mama.)

Niliwaambia wenzangu, watu wa Rwabitoke siwezi kuwachagulia kitu bila kukionja mwenyewe. Zote tatu nimezikalia, kwa ajili ya picha, na picha zimetoka vizuri. Na leo sikuja mikono mitupu. Naomba turubai lile liondolewe!

(Ngoma. Turubai linaondolewa. Chini yake kuna engozi.)

Msinong'one! Msinong'one, kuna wageni! Huu ndio mfumo wa nne, ubunifu wa hapahapa, ambao haujafika hata nchi zilizoendelea. Tazameni. Wananchi wanne, wawili mbele, wawili nyuma. Wa nyuma wakiteleza, wa mbele wanakaza: hiyo ni otomatiki. Mmoja akipiga ukelele "shikaaa!" hicho ni kitufe. Na wote wakiukumbatia mti wa engozi kwa pamoja, hakuna hata mmoja anayezunguka hewani: difu loki hiyo! Petroli haitumii, inatumia rubisi, pombe ya ndizi mnayopika wenyewe. Mgonjwa analala. Mama mkunga, umejibiwa, tena si kwa maandishi.

("Lakini baba, hiyo engozi ni yetu. Aliisuka marehemu mume wangu.")

Hiyo ndiyo inaitwa ushirikishwaji, mama!

("Na zile pikipiki?")

Nashukuru umeuliza, maana huko Chonyonyo na Igurwa nasikia kuna wazushi wanasema pikipiki zimepotea njiani. Nakanusha kwa nguvu zote! Kitu ambacho hakijawahi kuagizwa hakiwezi kupotea! (Mbuzi peke yake anaitikia.)

Foo-wili?

("Mabegani!")

Foo-wili?

("Mabegani!")

Namalizia. Nawashukuru sana kwa mabega yenu, kwa kuupokea mradi huu ambao haukuja, na kwa namna ya pekee nawashukuru wanawake wa mlima huu, maana wao wanajua kusubiri, na mtoto naye ni mradi, tena mradi pekee ambao nimeshuhudia kwa macho yangu ukikamilika, na siku yake ikifika ofisi yangu itakuwa

Ngojeni. Mama mkwe anapiga kelele kutoka kwa Joanitha. "Vero! We Vero! Weka hiyo kalamu! Banguka, fanya haraka, mwenzio ameshikwa na uchungu, na mvua hiyo inakuja!" Kweli, kule upande wa Kyerwa kumekuwa kweusi. Mume wangu Lameck ameshaishusha engozi kutoka darini, anafunga kamba, anaita majirani. Evangelina nimempa Placida, naye amekataa kuachia mwiko, anaaga watu "Oyee" kama vile tunakwenda harusini. Joanitha wangu, Mungu atashika. Hotuba nitaimalizia tukirudi na mtoto, nataka na yeye aisikie Jumapili. Mama ananiita tena, anasema viatu nivue, nikunje kitenge, maana wanaume waliopo nyumbani ni watatu tu, gurudumu la nne leo ni