Fundi Kufuli Asiyeamini Kufuli

Jumatatu, tarehe 3

Nimechelewa tena. Nilifunga mlango wa nyumba saa moja na nusu. Nikafika dukani saa nne kasorobo. Na duka langu liko mtaa wa pili tu! Nilirudi kuhakikisha nimefunga. Mara kumi na tisa. Mimi, fundi kufuli! Mimi ninayewaapia wateja kwamba mwizi akikutana na kufuli langu atalisalimia na kupita.

Mke wangu alikuwa akinisubiri dukani, mikono kiunoni. Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, binti yetu atasoma insha yake mbele ya shule nzima. Mwaka jana aliimba kwenye kwaya, nami nikafika viti vinapangwa stoo. Mama yake alimdanganya kwamba nilikuwa na mteja wa dharura. Leo amesema ameacha kazi ya kunidanganyia. Nikikosa hii, mtoto ataambiwa ukweli: baba yako alikuwa mlangoni akivuta kufuli.

Sitaki ajue. Ana miaka kumi. Bado anadhani mimi ni mtu wa maana.

Shemeji yangu alikuwepo pia. Ni kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomea vyuma, mtu anayejua kila kitu isipokuwa njia ya kurudi kwake. Akasema dawa ya tatizo langu ni kujikaza. Kujikaza!

Jumanne, tarehe 4

Kliniki. Daktari ni binti mdogo, nadhani viatu vyangu vimemzidi umri. Lakini kichwa anacho! Amesema huu ni ugonjwa unaojulikana, wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia. Akanichorea ubongo kwenye karatasi.

Hapa mbele, juu ya macho, kuna sehemu inayopiga kengele kitu kisipokuwa sawa. Ndani zaidi kuna kama lango, linalotakiwa kusema basi, imetosha, endelea na safari. Kwangu lango halifungi vizuri. Kengele inazunguka na kurudi, inazunguka na kurudi. Kuna pia kemikali ya kupeleka ujumbe, inaitwa serotonini, ambayo huenda inahusika. Na mara nyingine ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Akasema wanasayansi bado hawajamaliza kuuelewa.

Mimi nimeelewa kabisa. Sina hatia! Ni lango! Nilitaka kumbusu daktari mkono.

Amenipa vidonge, vitachukua wiki kadhaa. Tena akanipa zoezi: funga mara moja, ondoka, acha kengele ilie mpaka ichoke yenyewe. Hilo la mwisho sikulipenda, kwa hiyo sikuliandika popote.

Nyumbani nilimwekea mke wangu mchoro mezani. Nikamweleza kwamba si mimi, ni ubongo. Aliutazama kwa makini sana. Akasema basi huo ubongo uambiwe Jumamosi ni saa tatu.

Jumatano, tarehe 5

Kama lango la kichwani halifungi, fundi atengeneze la nje. Nimeunda kufuli la ajabu! Ufunguo hautoki mpaka kufuli lijifunge. Ukiwa na ufunguo mkononi, mlango umefungwa. Hakuna mjadala.

Nilifunga. Nikachomoa. Nikatembea hadi kona ya mtaa nikipiga mluzi. Pale konani nikajiuliza: huu ufunguo ndio wenyewe? Mfukoni mwa fundi kufuli funguo zote ni mapacha. Nikarudi.

Mara kumi na nne. Nafuu, lakini si ushindi. Nikaupaka ule ufunguo rangi nyekundu ili nisiuchanganye. Nikautia mfukoni kabla rangi haijakauka. Suruali basi tena. Shemeji alicheka mpaka akakalia ndoo.

Alhamisi, tarehe 6

Uchunguzi wa ukoo. Kama nimerithi, nataka kujua nimshtaki nani.

Nikaenda kwa mama. Akakana papo hapo. Kwao hakuna mambo hayo, niulize kwa akina baba. Nikampigia simu shangazi, dada yake baba. Naye akakana kwa sauti ambayo mama aliisikia kutoka jikoni. Akasema mama ndiye aliyekuwa akisugua birika mpaka likatoboka. Mama akanipokonya simu. Wakarushiana birika na vikombe vya miaka thelathini iliyopita. Nilikaa nikiandika ushahidi.

Simu ilipokatika, mama alinirudishia. Kisha akaniambia kuhusu baba.

Baba pia alikuwa fundi kufuli. Kila kufuli alilijaribu mara arobaini kabla ya kumpa mteja. Watu walimsifu, fundi mwaminifu, fundi wa kweli. Mama akasema kuna siku alimkuta amekaa kwenye benchi la kazi, kidole gumba kinavuja damu, analia kwa sababu hawezi kuacha. Alimwomba mama asimwambie mtu. Hakumwambia mtu, mpaka leo.

Na mimi nilidhani ni ufundi. Nilimwiga tangu utotoni nikidhani ni ufundi.

Nililia pale pale, na mama akalia. Sikumshtaki mtu yeyote.

Ijumaa, tarehe 7

Wazo moja halikunitoka tangu jana. Je, binti?

Asubuhi nilijificha nyuma ya pazia nikamtazama akifunga begi la shule. Alivuta zipu. Akarudia. Akarudia tena. Mara tatu! Nikatoka nikamuuliza taratibu kama kuna sauti inayomwambia arudie. Akasema hapana baba, zipu ni mbovu, nilimwambia mama tangu mwezi uliopita.

Nimebadilisha zipu mwenyewe. Nilimpigia daktari pia. Akasema kurithi si hukumu, watoto wengi wa wagonjwa hawaupati kabisa. Nilimwomba arudie. Akarudia mara moja, akakata.

Sasa Mpango Mkuu wa kesho. Nisipofunga mlango, sina cha kuhakikisha! Nitauacha wazi, na mlinzi ataketi kizingitini. Mlinzi gani? Uchungu huu niumeze tu. Shemeji. Alikubali baada ya kunilazimisha kutamka mara mbili kwamba nimeshindwa bila yeye.

Jumamosi, tarehe 8

Ukumbini saa tatu kasoro dakika kumi! Mke wangu alinitazama kama mgeni rasmi. Binti alikuwa wa sita kusoma. Nilikuwa mtulivu, mikono magotini.

Mtoto wa tano akiwa anamaliza, nikasikia kikohozi nyuma yangu. Nikageuka. Shemeji! Na tai amevaa! Akaninong'oneza kwamba yeye ni mjomba, angewezaje kukosa siku ya mpwa wake. Nikamuuliza mlango. Akasema ameufunga.

Kisha akaongeza neno moja. Nadhani.

NADHANI!

Kengele ikalia kichwani kote. Nilishanyanyuka nusu. Wakati huo huo wakaita jina la binti. Akapanda jukwaani, akatafuta kwenye viti, akaniona nimeinama hewani, sijasimama wala sijakaa.

Nikakaa.

Insha yake ilihusu kwa nini paka huangukia miguu. Aya ya kwanza sikuisikia vizuri, jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye soksi. Ya pili, nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Alipofika kwenye kazi ya mkia, shemeji akakohoa mara ya tatu nyuma yangu, nami nikagundua kengele imeshuka. Yenyewe! Nikasikia yaliyobaki yote, neno kwa neno. Nilipiga makofi mpaka mke wangu akanivuta nikae.

Mlango tuliukuta umefungwa.

Jumapili, tarehe 9

Binti kaniambia wakati wa chai: baba, jana ulikaa mpaka mwisho. Nimefurahi kiasi kwamba nilitia chumvi kwenye chai.

Mke wangu anadai nimefanya lile zoezi la daktari. Sitaki kubishana naye, lakini yeye si mtafiti. Tutazame ushahidi. Nani alikuwa nyuma yangu? Shemeji. Alifanya nini? Alikohoa. Kengele ilishuka lini? Baada ya kikohozi cha tatu. Ni bayolojia tupu.

Leo asubuhi nimejaribu. Shemeji kasimama nyuma yangu, nikafunga mlango mara moja, akakohoa mara tatu, nikaondoka kifua mbele. Nikafika konani! Pale nikajiuliza kama alikohoa tatu au mbili. Ikabidi turudi akohoe upya.

Mara kumi na moja tu. Sauti imemkauka, nimempa asali. Anahamia kwetu kesho na kitanda chake. Mke wangu bado sijamwambia.