Malalamiko Kuhusu Kufukuzwa Kazi kwa Mzee Kikao

Masijala ya Vibali vya Ujenzi,
Chumba cha mwisho kulia.

Ndugu Mtayarishaji wa kipindi cha "Dirisha la Tatu",

Pokea salamu za mtu anayekuheshimu, ingawa kwa sasa amekukasirikia. Mimi ni karani wa masijala, huu mwaka wa kumi na tisa, na nimekuwa mtazamaji wako tangu sehemu ya kwanza. Nakuandikia kwa sababu kipindi chako kimeniweka pabaya. Binti yangu asipopata cheti cha kuzaliwa kufikia Ijumaa, jina lake halitaingia kwenye orodha ya watahiniwa, na mwaka wake mzima wa shule utakuwa umekwenda na maji. Leo ni Jumatano.

Kwanza nieleze tulivyokupokea. Kila sehemu huanza na maandishi meupe yasemayo kwamba hiki ni kipindi cha kuelimisha watumishi wa umma. Mimi ni mtumishi wa umma. Tena marudio huonyeshwa saa nane mchana, saa za kazi, kwa hiyo tulielewa kwamba kukitazama ni sehemu ya kazi. Tulikuwa tunafunga dirisha na kukaa: mimi, mpiga chapa, tarishi tunayemwita Miguu, na msimamizi wetu, ambaye alikuja na daftari. Mzee Kikao, yule karani wa kwenye kipindi, alipotundika koti kwenye kiti ili aonekane yupo, kesho yake ofisini kwetu kulikuwa na makoti manne. Alipomwambia mwananchi kwamba jalada limepanda juu, msimamizi aliyaandika maneno yale akayapigia mstari. Nasema bila unafiki kwamba sijawahi kuhudhuria semina nzuri kama ile.

Sasa malalamiko.

1. Mmewaonyesha na wananchi. Hili sikulitegemea kabisa. Juzi alikuja fundi mwashi kufuatilia kibali, na nilipofungua mdomo tu akanimalizia mwenyewe: jalada limepanda juu, na mwenye mhuri yuko kikaoni. Foleni nzima ikaangua kicheko. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, kama jalada limepanda kwa miguu yake au limebebwa. Katika kipindi hakuna mwananchi anayejibu namna ile, kwa hiyo sikuwa nimefundishwa la kufanya. Ilibidi nimpe kibali chake palepale, na wenzangu wakaniona sina msimamo. Naomba kipindi kiwe cha watumishi peke yao, na wananchi watengenezewe chao cha kufundisha uvumilivu.

2. Koti. Mama mkwe wangu, ambaye macho yake hayana nguvu tena, alinitembelea kazini. Alikaa upande wa pili wa kioo karibu saa nzima, akisubiri koti langu limpe shikamoo. Alikohoa mara tatu na koti halikugeuka. Akarudi nyumbani akawaambia shemeji zangu kwamba mkwe amepata cheo na sasa hatambui watu. Nimeitwa kwenye kikao cha familia, na hicho ni kikao cha kweli. Nikisema aliyekuwa kwenye kiti si mimi, nitakuwa nimekiri kwamba sikuwepo kazini. Tangu hapo mke wangu hasemi nami ila kwa kumtuma binti.

3. Mmemfukuza kazi Mzee Kikao. Miaka mitatu mzee wa watu hajagombana na mtu, hajamchelewesha yeyote bila kumwomba radhi kwanza, halafu katika sehemu ya mwisho anaingia mkaguzi na kumtoa nje kama mwizi. Mpiga chapa alilia. Msimamizi alizima televisheni akatuambia hiyo ni hitilafu ya mitambo, tusubiri masahihisho wiki ijayo. Tumesubiri wiki tano. Kama nia yenu ni kuelimisha, mnamfukuzaje mwalimu?

4. Hili ndilo linaloniuma. Watu wa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa nao wanakitazama kipindi chenu. Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilikuta koti. Nikamtambua mwenzangu, nikatabasamu, nikaondoka. Mara ya pili niliambiwa nilete nakala ya nakala. Jana, mara ya tatu, mama mmoja mwenye miwani alinieleza kwamba jalada la binti yangu limepanda juu. Ndugu Mtayarishaji, jengo lile halina ghorofa. Nilisimama pale na karatasi zangu, mikono inanitetemeka kwa hasira na kwa hofu ya mtoto kukosa mtihani, na sikuweza kumlaumu, maana kazi alikuwa akiifanya vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo naomba mrushe sehemu maalumu kesho Alhamisi, kabla ofisi hazijafunguliwa. Mzee Kikao arudishwe kazini, na mtu wa kwanza kumhudumia awe binti wa karani mwenzake. Mfafanue kwamba mbinu zile ni za wananchi tu, na kwamba mtoto wa mtumishi si mwananchi. Wenzetu wa vyeti ni wasikivu sana, wataelewa.

Nisalimie wapiga picha, mshika taa, na yule mama anayecheza mfagizi. Mzee Kikao mwambieni kwetu nafasi yake ipo. Mama mkwe naye angewasalimu, kama tungekuwa tunazungumza.

Ni mimi, mwanafunzi wenu mtiifu,
Karani wa Masijala

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha binti yangu akaingia na cheti mkononi. Alipotoka shule alikwenda mwenyewe, kwa mama yuleyule mwenye miwani, akahudumiwa hata kabla hajakaa kwenye benchi. Mama huyo amemwambia kwamba jana alimdanganya mzee mmoja, akaiona mikono yake ikitetemeka, na tangu hapo anajionea haya. Mzee huyo ni mimi. Malalamiko yangu, la kwanza hadi la nne, naomba myahesabu kama hayakuandikwa, kwa kuwa haya niliyoiona mimi ni kubwa kuliko ya mama yule. Binti ameniuliza, "Baba, kumbe kile kipindi kinawasema nyinyi. Miaka yote hiyo ulikuwa hujui?" Nimemwambia asubiri kidogo, nimalize kwanza kuandika. Amevuta kiti, amekaa mbele yangu, anasubiri.